Njia Mbili za Kufika Same

Kama uko Same mjini, Hedaru, Gonja Maore, au juu kule Chome ambako saa hizi baridi imeshaanza kuuma, karibu tukae pamoja. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo mafundi wa mitandao hulijadili kila siku, na sisi wengine hukutana nalo dirishani tu, pale tunapoambiwa: "Mtandao hakuna, labda uje kesho."

Tuanzie hapo dirishani. Mama ametoka Mamba Myamba alfajiri, amebanwa kwenye gari pamoja na magunia ya tangawizi, amefika Same saa nne. Anachotaka ni namba ya malipo ya serikali, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba, akalipie shida yake na kuwahi gari la kurudi. Karani anabonyeza. Kiduara kinazunguka kwenye kioo. Anabonyeza tena. Foleni inarefuka mpaka uani. Ukiuliza, utaambiwa ofisi ina intaneti mbili: ipo ya faiba na ipo ya laini ya simu, na zote mbili zinalipiwa kila mwezi kwa pesa ya umma. Sasa kama njia ni mbili, kwa nini mama huyu analala mjini kwa watu, au anarudi kwao hajafanikiwa?

Naomba niseme mapema ninachokiamini. Kuwa na njia mbili ni jambo moja. Kuzigawia mzigo kwa mpango ni jambo la pili. Kuhakikisha kwamba kweli ni mbili ni jambo la tatu, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Ofisi nyingi, shule nyingi na zahanati nyingi za nchi hii zimelipia la kwanza zikadhani zimepata yote matatu.

Wasafiri wa huku hawana shida kunielewa. Ukitoka Korogwe, ukapita Mombo na kufika Mkomazi, mlima wa Pare Kusini unakaa mbele yako na safari inagawanyika. Kushoto ni barabara kuu ya lami, inapita Hedaru na Makanya upande wa magharibi wa mlima mpaka Same. Kulia ni ile inayouzunguka mlima kwa mashariki: Kihurio, Ndungu, Maore, Kisiwani, ndipo Same. Hiyo ni takribani kilomita 100, inawekwa lami kipande baada ya kipande, na kwenye vipande vya udongo masika ndiyo huamua nani apite. Zote zinafika Same. Dereva wa basi la Arusha hapotezi dakika kufikiria, anakata kushoto.

Kwenye mtandao anayekaa pale njia panda ni ruta. Ruta ni mashine inayopokea pakiti, yaani vipande vidogo vya data, inasoma anwani ya kila kipande na kuamua kitokee tundu lipi. Haioni njia nzima. Inachojua ni kile inachoambiwa na ruta nyingine, na utaratibu wa kuambiana huko ndio mafundi wanaouita itifaki ya uelekezaji.

Itifaki hizo hazina akili sawa. Ya zamani, RIP, ilihesabu kitu kimoja tu: utapita ruta ngapi hadi ufike. Zikifika 16, inahesabu kwamba huko hakufikiki. Kwa macho ya RIP, barabara ya Makanya na barabara ya Kisiwani zingekuwa sawa kabisa ilimradi idadi ya vituo ni moja. Lami, tope, daraja lililobomoka, hayo hayaingii kwenye hesabu yake.

Ikaja OSPF, ambayo mtaalamu John Moy aliandika hati yake rasmi ya toleo la pili mwezi Aprili 1998, na mpaka leo ndiyo inayoendesha mitandao mingi ya ndani ya kampuni, vyuo na serikali duniani. Yenyewe huipa kila njia gharama, na gharama hiyo kwa kawaida hutokana na kasi: njia pana gharama ndogo, njia nyembamba gharama kubwa. Ikikuta njia mbili za kwenda mahali pamoja zenye gharama iliyolingana, inazichukua zote. Fundi akifungua jedwali la njia kwenye ruta yake ataona anwani moja, na chini yake mistari miwili, kila mmoja ukitaja tundu lake la kutokea. Mistari hiyo miwili ndiyo dalili kwamba mzigo unagawanywa. Ukiona mmoja tu, basi njia ya pili imelala, hata kama inalipiwa.

Lakini hapa pana mtego, na nataka tukae nao kidogo, kwa sababu nimeuona ukiwasumbua watu wenye vyeti vyao ukutani. Kwenye ruta nyingi zinazotumika sana, gharama ya OSPF hupatikana kwa kugawa megabiti 100 kwa kasi ya njia. Njia ya megabiti 10 inapata gharama ya 10. Njia ya megabiti 100 inapata 1. Je, njia ya megabiti 1,000? Hesabu ingetoa sehemu ya kumi ya moja, lakini gharama haishuki chini ya 1, kwa hiyo nayo inapewa 1. Ya megabiti 10,000 nayo 1. Kipimo hiki kiliwekwa zama ambazo megabiti 100 ilikuwa kasi ya kutisha.

Sasa weka hesabu hiyo hapa kwetu. Tuseme taasisi ina faiba ya megabiti 10,000 na ina redio ya mnara kwa mnara ya megabiti 100, na fundi hakugusa kile kipimo. Ruta inaziona njia hizi mbili kama mapacha. Ukipita mzigo wa megabiti 400, inapeleka kama nusu kwenye faiba na nusu kwenye redio. Faiba inapokea 200, haistuki hata kidogo. Redio inasukumiwa 200 wakati uwezo wake ni 100. Pakiti zinajaa, nyingine zinatupwa, na nusu ya watu ofisini wanalia mtandao ni mbovu, nusu nyingine wanasema mbona kwetu uko vizuri. Hapo ndipo watu hugombana bila kujua kwamba wote wanasema kweli. Tiba yake ni mstari mmoja wa maelekezo: ongeza kile kipimo cha kugawia, na ukiongeze kwenye ruta zote za mtandao huo kwa namba ileile, maana ukibadilisha moja ukaacha nyingine utakuwa umeongeza vurugu. Mstari mmoja. Inauma kufikiria siku ngapi za kazi za watu zimepotea kwa kukosa mstari huo.

Pengine utauliza, kwa nini ruta isigawe kwa uwiano, ile pana ipewe zaidi? Inawezekana. Itifaki ya EIGRP ya kampuni ya Cisco ina uwezo huo: unaiambia ikubali njia ya pili hata kama gharama yake ni mara mbili ya ile bora, na yenyewe itapeleka mzigo kwa uwiano wa ubora. Ina sharti, kwamba njia hiyo ya pili isiwe na hatari ya kuirudisha pakiti ilikotoka, zisije zikazunguka bila kufika. OSPF ya kawaida haifanyi hivyo. Kwake ni gharama sawa au hapana.

Tuje kwenye namna ya kugawa. Mtu wa kawaida angesema: pakiti ya kwanza ipite huku, ya pili ipite kule, ya tatu huku. Inasikika haki. Lakini chukua msafara wa harusi unaotoka Korogwe, gari la kwanza lipite Hedaru, la pili lipite Ndungu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wapambe watafika Same na bibi harusi bado yuko Kihurio. Kompyuta zinazopokea data zinateseka vilevile. Pakiti zikifika zimepishana, kompyuta inaendelea kuiomba ile iliyokosekana; ombi likirudiwa mara tatu, inayotuma inaamini pakiti imepotea, inaituma upya na kupunguza mwendo. Yaani umeongeza njia na kasi imeshuka.

Kwa hiyo ruta za siku hizi hugawa kwa msafara. Kila mazungumzo kati ya kompyuta mbili yanatambulika kwa mambo matano: anwani ya anayetuma, anwani ya anayepokea, aina ya itifaki, na namba mbili za poti za programu zinazozungumza. Ruta inayapigia hesabu mambo hayo, na jibu ndilo linaloamua njia. Pakiti zote za mazungumzo hayo zinapita njia moja mpaka mwisho, na mazungumzo mengine yanaweza kupita nyingine.

Hapa kuna jambo la kumwambia mkuu wa shule anayetaka kununua laini ya pili. Mwalimu mkuu, ukiwa na laini mbili za megabiti 20, faili moja linaloshushwa na kompyuta moja bado litapita kwenye megabiti 20. Halitapata 40. Faida utaiona wanafunzi 30 wa chumba cha kompyuta wanapofungua masomo kwa pamoja, kwa sababu mazungumzo ni mengi na yanasambaa. Watu wengi hununua laini ya pili, wanapima kasi kwa simu moja, hawaoni tofauti, wanaikata mwezi unaofuata. Walipima kitu kisicho sahihi.

Kuna kasoro nyingine ndogo niitaje haraka. Ruta mbili zinazofuatana njiani zikitumia hesabu ileile kabisa, ya pili inapokea misafara ambayo tayari imechujwa na ya kwanza, na matokeo yake inaipeleka yote upande mmoja. Njia moja inafurika, nyingine imekaa tupu. Watengenezaji wameweka dawa: kila ruta iongeze namba yake ya pekee kwenye hesabu. Fundi ahakikishe tu imewashwa.

Sasa nije kwenye lile jambo la tatu, na hapa naomba sikio lako lote.

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilianguka kwetu Tanzania na kwa majirani zetu, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji, kila nchi kwa kiwango chake. Wizara yenye dhamana ya habari na teknolojia ikatoa taarifa kwamba nyaya za baharini zimekatika. Nyaya zenyewe ni mbili: SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kampuni mbalimbali, mikataba mbalimbali, ankara mbalimbali. Anayenunua kwenye zote mbili ana haki ya kuamini amejikinga. Lakini ukiifuata ramani mpaka Afrika Kusini, unakuta zote mbili zinapanda nchi kavu sehemu moja, Mtunzini, pwani ya KwaZulu-Natal kaskazini mwa Durban. Zikakatika zote upande huohuo, siku hiyohiyo.

Na upande wa kaskazini je? Kule nako palikuwa na jeraha ambalo halijapona. Mwezi Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikatika kwenye Bahari ya Shamu, ikiwemo sehemu ya SEACOM inayokwenda Misri. Chanzo kilichotajwa ni nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imeshambuliwa na kuachwa ikisukumwa na maji. Kukarabati kule kulikuwa kugumu kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kwa miezi miwili na nusu mzigo mwingi wa Afrika Mashariki ulikuwa umeelemea kusini, watu wanaendelea na kazi, hakuna mlalamikaji, mpaka kusini nako kulipokatika.

Mimi sioni kosa la itifaki hapo. Ruta zilifanya kazi yake. Njia ilipokufa zilitafuta nyingine, na zilizokuwa na mkataba wa kupita Kenya mpaka Mombasa, ambako kuna nyaya kama TEAMS inayokwenda Fujairah, zilipata pa kupumulia. Shida ni kwamba ruta haijui jiografia. Jedwali lake linaonyesha mistari miwili. Halionyeshi kwamba mistari hiyo inakanyaga mchanga wa ufukwe mmoja. Hilo lazima ajue binadamu, na lazima alijue kabla ya kusaini.

Turudi Same, maana habari hii ya baharini ina picha yake hapa nchi kavu. Angalia ule ukanda kati ya mlima wa Pare na bonde la mto Pangani. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita humo. Barabara kuu inapita humo. Laini ya umeme mkubwa kutoka Hale kwenda Moshi inapita Same. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaounganisha Tanga, Moshi na Arusha nao umefuata uelekeo huohuo, kwa sababu anayejenga hupenda palipo tambarare na palipokwisha kusafishwa. Kwa mjenzi ni busara. Kwa anayetafuta njia ya pili ni tatizo, kwa sababu kampuni ya kwanza iko kwenye hifadhi ya barabara, ya pili iko kwenye hifadhi ya barabara upande wa pili, na mafuriko yakitelemka kutoka mlimani hayabagui upande.

Mkongo wa Taifa umejengwa kwa mizunguko, na jambo hilo nalisifu kwa moyo wote. Maana yake data ya Same ikizuiwa upande wa Korogwe inaweza kupanda Moshi na Arusha, ikazunguka kwa Singida na Dodoma, ikafika Dar es Salaam. Safari ni ndefu lakini inafika. Lakini mzunguko huo unasaidia mtu aliyeunganishwa nao kwa pande mbili. Zahanati iliyoko Vunta au Bombo inategemea mnara, mnara unategemea mnara mwingine kwa redio, huo nao unategemea faiba iliyoko bondeni. Mlima wetu ni mgongo: mnara ulioko Suji unaitazama Makanya, ulioko Gonja unaitazama Mkomazi, na hauwezi kuona Same kwa sababu mlima umesimama katikati. Kila kijiji kina uso wake mmoja.

Ndiyo maana ofisi ile ya dirishani ilikosa mtandao wote kwa pamoja, faiba na laini ya simu. Katapila linachimba mtaro pembeni ya barabara, faiba inakatika. Sawa, tuna 4G. Lakini mnara wa 4G ulioko juu ya paa la jirani unapata data yake kupitia faiba ileile iliyokatwa. Simu inaonyesha vijiti vinne, kwa sababu mnara uko hai na unaongea na simu yako vizuri. Unachokosa ni njia ya kutoka mnarani kwenda duniani. Umelipa kampuni mbili kwa waya mmoja.

Kuna jambo ningelipigania kama ningekuwa na kiti kwenye kikao cha barabara. Ile njia ya mashariki, Same, Kisiwani, Ndungu mpaka Mkomazi: kila kipande kinachowekwa lami kiwekewe na bomba la kupitishia faiba pembeni, wakati ardhi tayari iko wazi na katapila liko kazini. Bomba tupu halina gharama kubwa ukilinganisha na kuja kuchimba upya. Likishaungana mwisho hadi mwisho, Same itakuwa na njia mbili zilizotenganishwa na mlima mzima wa Pare Kusini, na mvua ya Hedaru haitakuwa mvua ya Kihurio. Na watu wa Maore wanaolima mpunga, watu wa Ndungu, watu wa Gonja wenye hospitali yao, watakuwa njiani badala ya kuwa mwisho wa njia.

Basi tuseme umepata njia mbili za kweli. Uzijaze kiasi gani? Hapa wahasibu na mafundi hukwaruzana. Mhasibu anaona njia ya faiba inatumika asilimia 60 na ya redio asilimia 60, anasema vizuri, pesa yetu inafanya kazi. Fundi anaona kitu kingine: moja ikifa, iliyobaki itabebeshwa asilimia 120. Njia mbili zenye upana sawa zinazosaidiana kweli hazipaswi kuvuka nusu kila moja wakati wa kazi nyingi. Ile nusu tupu inaonekana kama hasara kila mwezi, na siku ya katapila ndiyo inayomwezesha mama wa Mamba kupata namba yake.

Na kama bajeti hairuhusu nusu tupu, basi panga nani atangulie. Ombi la kontroo namba ni data kidogo sana, halifikii picha moja ya WhatsApp. Taarifa ya mgonjwa kwenye GoTHOMIS, mfumo unaotumika kwenye vituo vyetu vya afya vya serikali, ni maandishi kwa sehemu kubwa. Ruta inaweza kuelekezwa kwamba njia ikibaki moja, haya yapite kwanza, na video za mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, zisubiri. Hapo fundi anahitaji kulindwa na bosi wake, kwa sababu atakayelalamika kwanza mara nyingi ni mwenye ofisi kubwa.

Kidogo kuhusu kinachoingia. Ofisi ya wilaya hupokea data nyingi kuliko inayotuma. Kinachotoka unaweza kukigawa utakavyo kwenye ruta yako. Kinachoingia kinaamuliwa na walio huko nje, na kati ya kampuni na kampuni itifaki inayotumika ni BGP, ambayo kwa kawaida huchagua njia moja bora na kushikamana nayo. Taasisi kubwa, kama chuo au benki, yenye anwani zake zilizosajiliwa AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti Afrika, na yenye namba yake ya mtandao, inaweza kuwavuta wengine upande inaoutaka: inairudia namba yake mara kadhaa kwenye tangazo la njia moja ili njia hiyo ionekane ndefu, na data ije kwa nyingine. Shule ya kata haiwezi. Shule ya kata imuulize mtoa huduma wake anafanyaje, na iombe jibu la maandishi. Tena huduma ikiwa na seva hapa nchini, na watoa huduma wanabadilishana data pale TIX Dar es Salaam au kwenye kituo cha Arusha, haihitaji kabisa kuvuka bahari. Tuliozitazama simu zetu zikiganda ile Mei tunaelewa thamani ya hilo.

Mwisho ni kugundua kwamba njia imekufa. OSPF kwa mipangilio yake ya kawaida husalimiana na jirani kila sekunde 10, na ikipita sekunde 40 kimya inamhesabu amekufa. Sekunde 40 ni nyingi kwa simu ya daktari lakini si mbaya kwa ofisi. Kibaya zaidi ni ruta ndogo za maofisini ambazo hazisalimiani na mtu. Zinaangalia tu kama taa ya waya inawaka. Faiba ikikatwa Makanya, kile kisanduku kilichoko ukutani Same kinaendelea kuwasha taa yake ya kijani, ruta inaamini njia ni nzima, na inaendelea kusukuma data gizani wakati laini ya pili imekaa bila kazi. Fundi aiweke ruta ichungulie mbali, ipige hodi kwenye anwani iliyoko Dar es Salaam na nyingine iliyoko nje ya nchi kila baada ya sekunde chache, na hodi zikikosa jibu ihame yenyewe. Na tafadhali, vifaa vya njia mbili visichomekwe kwenye ekstensheni moja isiyo na betri ya akiba.

Kwa hiyo wewe unayesimamia ofisi, shule, SACCOS au kituo cha afya huku kwetu, kabla ya kusaini mkataba wa laini ya pili, omba ramani ya njia inakopita, kutoka mlangoni kwako mpaka Dar es Salaam. Iweke juu ya ramani ya laini ya kwanza. Zikilaliana, tafuta nyingine, hata kama ni ya setilaiti au ya mnara unaotazama upande mwingine wa mlima.

Halafu ijaribu. Chagua Jumamosi jioni, watu wamekwenda nyumbani. Karani mmoja abaki kwenye kompyuta akiomba kontroo namba ya majaribio. Fundi achomoe waya wa faiba, mwingine ahesabu sekunde kwa sauti mpaka namba itoke. Urudishwe, ichomolewe laini ya pili, wahesabu tena. Kisha zichukuliwe dakika tano za kuangalia jedwali la njia, kama mistari imerudi kuwa miwili. Sekunde hizo ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na zoezi lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mnara uliokuwa na njia yake mwaka jana unaweza kuwa umehamishiwa kwenye faiba ya jirani bila wewe kuambiwa. Daftari hilo ndilo ningeomba madiwani waletewe mezani siku ya kupitisha bajeti ya intaneti, lisomwe kabla ya ankara.